Kadi za Posta za Zamani kama Hati za Historia: Picha, Maelezo na Majina ya Mwambao wa Mashariki wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kadi za posta zenye picha zilizochapwa tangu miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, kwa kuangalia thamani yake kama hati za historia ya mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, hasa Liuli, Manda na Mbamba Bay. Mifano ya Unguja na Dar es Salaam imetumiwa kwa ajili ya ulinganishi. Hoja ya msingi ni kwamba kadi ni shahidi wa yule aliyeitoa na kuipa maelezo kabla ya kuwa shahidi wa mahali panapoonekana katika picha. Kwa hiyo, picha, maelezo yaliyochapwa na maandishi ya mkono hayana budi kusomwa kila kimoja peke yake, kisha yakabiliwe na majina na kumbukumbu za wenyeji.

1.0 Utangulizi

Wachunguzi wa historia ya Afrika Mashariki wamezoea kutegemea hati za serikali na za misheni, masimulizi ya wazee, pamoja na mabaki ya majengo na vyombo. Kadi ya posta yenye picha haikupewa nafasi kubwa katika orodha hiyo. Kwa muda mrefu imeachwa mikononi mwa wakusanyaji, ambao aghalabu huipima kwa uzuri wa picha au kwa uchache wa stempu iliyobandikwa. Mwanahistoria akiitumia, huiweka katika kitabu kama pambo la ukurasa, bila kueleza nani aliipiga picha, nani aliichapa, na maneno yaliyo chini yake yamesema nini.

Hali hiyo ina hasara. Kwa sehemu nyingi za mwambao wa Ziwa Nyasa, picha za miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ni chache, na baadhi ya zilizopo zilisambazwa kwa njia ya kadi. Kuzipuuza ni kuacha ushahidi. Lakini kuzipokea bila kuzihoji ni hatari kubwa zaidi, maana kadi ilitengenezwa ili iuzwe, na mnunuzi wake hakuwa mkazi wa mahali palipopigwa picha.

Mwanaisimu anaingiaje katika suala hili? Anaingia kwa sababu kadi ni matini. Ina maneno yaliyochapwa, ina maneno yaliyoandikwa kwa mkono, ina mhuri wenye jina la mahali, na ina stempu yenye jina la nchi na la fedha. Maneno hayo yana sarufi yake na yana mtu aliyeyachagua. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba uchambuzi wa maneno ya kadi unaweza kutoa habari ambazo jicho linalotazama picha peke yake haliwezi kuzipata.

2.0 Chimbuko na umbo la kadi

Kadi ya posta isiyo na picha ilitolewa kwa mara ya kwanza na serikali ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Ilikuwa kipande cha karatasi ngumu kilichosafirishwa bila bahasha kwa malipo madogo kuliko ya barua. Baada ya kuundwa kwa umoja wa posta wa kimataifa mjini Bern mwaka 1874, kadi iliweza kuvuka mipaka ya nchi kwa kanuni zinazofanana. Picha ziliongezwa baadaye, na kufikia miaka ya 1890 biashara ya kadi za picha ilikuwa imeshamiri Ulaya, Ujerumani ikiwa mstari wa mbele katika uchapaji.

Umbo la kadi lilibadilika kwa namna inayomsaidia mtafiti. Mwanzoni upande mmoja wote ulitengwa kwa anwani. Mwandishi hakuruhusiwa kuandika ujumbe upande huo, kwa hiyo alilazimika kuubana katika nafasi iliyobaki kando ya picha. Uingereza iliruhusu upande wa anwani ugawanywe kwa mstari mwaka 1902, na Ujerumani ikafuata mwaka 1905. Kuanzia hapo picha ilipata upande wake mzima, na ujumbe ukahamia nyuma, kushoto mwa anwani. Kadi ya Kijerumani isiyo na mstari huo ilichapwa, kwa kawaida, kabla ya mwaka 1905 au karibu nao.

Ufinyu wa nafasi ulikuwa na athari za kimtindo. Kadi nyingi za mwanzo zilikuwa na maneno ya Kijerumani *Gruss aus*, yaani “salamu kutoka”, yakifuatiwa na jina la mahali, mathalani Sansibar au Dar-es-Salaam. Salamu ilikuwa imekwisha kuchapwa kiwandani. Aliyeituma alitakiwa kutia sahihi tu, na akipenda aongeze sentensi moja au mbili. Msomaji anayefahamu utaratibu wa barua za Waswahili wa zama hizo ataona tofauti mara moja. Barua zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama zile zilizochapishwa na C. G. Büttner mwaka 1892, huanza kwa kumtaja mwandikiwa kwa heshima zake, zikamtakia afya na amani, kisha ndipo zikaingia katika habari yenyewe. Katika barua hizo salamu ni kazi ya mwandishi na ni kipimo cha adabu yake. Katika kadi, salamu ni bidhaa. Tofauti hiyo inatueleza kwamba kadi haikukusudiwa kuwa chombo cha mawasiliano baina ya wenyeji. Ilikuwa chombo cha mgeni kumwambia jamaa yake wa mbali, “nimefika hapa”.

3.0 Tarehe tatu za kadi moja

Kosa linalotokea mara nyingi katika matumizi ya kadi ni kuchukua tarehe ya mhuri kuwa ndiyo tarehe ya picha. Ukweli ni kwamba kila kadi iliyotumwa ina tarehe tatu: ya kupigwa picha, ya kuchapwa kadi, na ya kupelekwa posta. Baina ya ya kwanza na ya tatu inaweza kupita miaka mingi, kwa sababu mchapishaji aliendelea kuuza picha nzuri hata baada ya mandhari yake kubadilika.

Tarehe ya posta ndiyo nyepesi kupatikana. Kama mhuri umefutika, stempu itasaidia. Posta ya Kijerumani ilianza kazi Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890. Mwaka 1893 zilitolewa stempu za Ujerumani zilizopigwa chapa ya thamani kwa pesa, maana rupia ya koloni wakati huo iligawanywa katika pesa 64. Baada ya rupia kugawanywa upya katika heller 100, stempu za heller zilianza kutumika mwaka 1905. Waingereza walipoiteka nchi, walitumia stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizopigwa herufi G.E.A. kuanzia mwaka 1917, kisha mwaka 1922 zikaja stempu za Tanganyika zenye kichwa cha twiga. Kuanzia mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja.

Hapa inafaa kutaja jambo dogo la kiisimu. Majina ya fedha yaliyokuwa katika stempu hizo yameingia katika Kiswahili na kubaki: *pesa*, lenye asili ya Bara Hindi, na *hela*, lililotokana na heller ya Kijerumani. Sarafu zenyewe ziliondoka katika mzunguko zamani, lakini maneno yamepoteza maana ya kipimo maalumu na kuwa majina ya fedha kwa jumla. Msemaji wa leo anaposema “sina hela” anataja bila kujua fedha iliyolipia kadi za mwaka 1905.

Tarehe ya kuchapwa hupatikana kwa umbo la nyuma ya kadi, jina la mchapishaji na lugha ya maelezo. Huko Unguja studio za wapiga picha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na Coutinho Brothers, zilitoa kadi nyingi. Huko Dar es Salaam tunakutana na majina ya C. Vincenti na Walther Dobbertin. Dobbertin alifanya kazi katika koloni hadi wakati wa vita, na mkusanyo mkubwa wa picha zake umehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani. Uchapaji wenyewe ulifanyika sana Ulaya. Hivyo rangi za kadi si ushahidi wa kutegemewa, maana ziliongezwa na mafundi ambao hawakuwahi kuiona bahari au nyumba wanayoipaka.

Tarehe ya picha ndiyo ngumu zaidi, na hutafutwa ndani ya picha yenyewe. Mfano ulio wazi ni Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883. Kabla ya Agosti 1896, mnara wa taa ulisimama peke yake mbele ya jumba hilo. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuharibu, na baadaye mnara wa saa uliunganishwa na uso wa jumba. Picha inayoonyesha mnara ukiwa mbali na jumba ilipigwa kabla ya shambulio, hata kama mhuri wa posta ni wa mwaka 1910. Baada ya sehemu ya jumba hilo kuporomoka Desemba 2020, kadi hizo zimepata kazi mpya ya kuwa miongoni mwa kumbukumbu za umbo lake la awali.

Dar es Salaam nayo ina sanamu ya Hermann von Wissmann iliyozinduliwa mwaka 1909. Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha katika miaka ya 1967 na 1968. Picha ya mji yenye sanamu hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya 1909. Na barabara iliyoitwa na Wajerumani *Unter den Akazien*, yaani “chini ya migunga”, ilikuwa Acacia Avenue wakati wa Waingereza, ikawa Independence Avenue baada ya uhuru, na leo ni Samora Avenue. Barabara ni ile ile, ila kila jina linatuambia nani alikuwa na mamlaka ya kutaja.

4.0 Majina ya bandari za Ziwa Nyasa

Mamlaka ya kutaja yanaonekana waziwazi zaidi tunapoondoka pwani ya bahari na kufika ziwani. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani uliuweka mwambao wa mashariki na kaskazini wa Ziwa Nyasa, hadi mipaka ya Wareno upande wa kusini, chini ya Wajerumani. Mwaka 1893 meli *Hermann von Wissmann*, iliyosafirishwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, ilianza kazi ziwani. Pamoja na meli yalikuja majina mapya.

Kituo cha kwanza cha utawala, kaskazini mwa ziwa, kiliitwa Langenburg, kwa heshima ya mwana wa ukoo wa Hohenlohe-Langenburg aliyekuwa kiongozi wa chama cha ukoloni cha Ujerumani. Makao yalipohamishiwa milimani, jina nalo lilihama: mji unaoitwa leo Tukuyu uliitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Manda, karibu na mlango wa mto Ruhuhu, paliitwa Wiedhafen. Liuli paliitwa Sphinxhafen.

Majina haya ya bandari yameundwa kwa kanuni moja. Nomino *Hafen*, “bandari”, imetanguliwa na nomino nyingine inayoibainisha. Kwa Wiedhafen, kibainishi ni jina la ukoo wa kitawala wa Ujerumani. Kwa Sphinxhafen, kibainishi ni sanamu ya Misri, kwa kuwa wageni waliyaona majabali ya hapo yakifanana na Sfinksi. Ni dhahiri kwamba majina yote mawili hayana habari yoyote ya ziwa. La kwanza linamwelekeza msikilizaji Ulaya, la pili linamwelekeza Misri. Mtu aliyepokea kadi Berlin hakuhitaji kujua Liuli ni wapi, maana picha ya Sfinksi alikuwa nayo kichwani tayari. Jina lilifanya kazi ya kibiashara: liligeuza bandari ndogo kuwa mandhari.

Kwa wenyeji, jabali kubwa la Liuli ni Pomonda. Masimulizi ya mwambao hulikumbuka kuwa mahali watu walipojificha wakati wa mashambulizi ya Wangoni katika karne ya kumi na tisa. Tazama jinsi kitu kimoja kinavyobeba historia mbili. Anayelitazama kwa jina la Sfinksi huona ajabu ya maumbile. Anayelitazama kwa jina la Pomonda huona kimbilio. Kadi ilichapa jina la kwanza, na jina la pili likabaki katika vinywa vya watu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba wageni wote walitaja kwa namna moja. Wamisionari wa UMCA, ambao makao yao makuu yalikuwa kisiwani Likoma tangu 1885, walifanya kazi pia upande wa mwambao uliotawaliwa na Wajerumani. W. P. Johnson, aliyeishi ziwani kwa zaidi ya miaka arobaini na kufia Liuli mwaka 1928, alijishughulisha na lugha za mwambao, Kimpoto kikiwa mojawapo. Mtu anayetafsiri maandiko kwa lugha ya watu hulazimika kuyasikia majina yao. Hivyo basi, mtafiti akipata picha mbili za ghuba moja, moja ya serikali au mfanyabiashara na nyingine ya misheni, asishangae zikiwa na majina tofauti. Ajiulize kila jina lilielekezwa kwa msomaji gani.

Jina Sphinxhafen lilipata umaarufu wa muda mfupi mwaka 1914. Mwezi Agosti, meli ya Waingereza *Guendolen*, ikiongozwa na Rhoades, iliikuta *Hermann von Wissmann* imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, nahodha wake akiwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Meli ikaharibiwa isiweze kutumika, na mwaka 1915 Waingereza wakarudi kuiharibu zaidi. Baadaye waliitengeneza na kuitumia wao wenyewe kwa jina la *King George V*. Kwa mtafiti wa kadi, matukio haya ni alama nzuri ya kutambua tarehe, kwa kuwa jina la meli kwenye maelezo hutenganisha miaka ya kabla na ya baada ya vita.

Jina la ziwa nalo lafaa kuangaliwa. Katika Kiyao, na lugha nyingine za jirani, *nyasa* ni neno la kawaida lenye maana ya ziwa. Wasafiri wa Ulaya walilichukua kuwa jina maalumu, na tahajia ya Kijerumani *Nyassa-See* kwa hakika inasema “ziwa ziwa”, sawa na *Ziwa Nyasa* letu. Takriri hiyo ni kawaida pale nomino ya jumla ya lugha moja inapogeuzwa jina la pekee katika lugha nyingine. Upande wa pili, baada ya Nyasaland kuwa Malawi mwaka 1964, ziwa linaitwa Ziwa Malawi. Kwa kuwa mpaka wa ziwani umekuwa suala la mabishano baina ya nchi hizi mbili tangu miaka ya 1960, yafaa kuonya kwamba kadi si ramani. Maelezo yanayotaja ziwa pamoja na jina la koloni yanaonyesha mahali pa soko la kadi na bendera iliyopepea nchi kavu. Hayawezi kuthibitisha mstari wowote majini.

Mbamba Bay ni mfano wa aina ya tatu. Jina hili limeunganisha neno la wenyeji na neno la Kiingereza lenye maana ya ghuba, kama ilivyo Nkhata Bay ya ng’ambo. Tofauti na Sphinxhafen, jina la mahali halikufutwa bali liliongezewa mkia. Jina hilo limedumu hata baada ya mkoloni kuondoka, na sasa ndilo jina la makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Inaelekea kwamba jina lililojengwa juu ya jina la wenyeji lina uwezo mkubwa zaidi wa kudumu kuliko lililowekwa mahali pake.

5.0 Watu wasio na majina

Tumeona kwamba mahali palipewa jina, hata kama ni jina la kigeni. Watu hawakupata hata hilo. Kadi za zama za ukoloni zenye sura za Waafrika huwataja kwa nomino za jumla: mwanamke wa Kiswahili, mpagazi, askari, mvuvi, “wenyeji”. Mzungu aliyepigwa picha aghalabu alitajwa kwa jina au cheo chake. Mwafrika alitajwa kwa aina yake.

Kisarufi, hii ni tofauti baina ya urejeleo mahsusi na urejeleo wa jumla. Jina la pekee humrejelea mtu mmoja aliyesimama mbele ya kamera siku fulani. Nomino ya jumla humfanya mtu huyo awe kielelezo cha kundi zima. Picha ni ya mtu mmoja, maelezo ni ya wengi, na pengo baina yake ndilo lililomwezesha mchapishaji kuuza sura ya mtu bila kumtaja.

Anayetafsiri maelezo hayo kwa Kiswahili anakabiliwa na uamuzi usio mwepesi. Akiandika *mwanamke Mmatengo*, anamtambulisha mtu kwa jamii yake, kama yeye mwenyewe angeweza kujitambulisha. Akiandika *mwanamke wa Kimatengo*, kiambishi *ki-* kinaelekeza kwenye namna na mtindo, na mtu anakaribia kuwa sampuli. Maelezo ya asili mara nyingi yana maana hii ya pili. Maoni yetu ni kwamba tafsiri ya kitaaluma iihifadhi maana hiyo, isiipambe, ili msomaji aone mtazamo wa aliyeandika.

Hali kadhalika majina ya makabila katika maelezo hayafai kupokelewa kama sensa. Mwambao huu wana makao Wampoto, Wamanda, Wamatengo walioteremka kutoka milimani na wengineo, na jina *Wanyasa*, lililotokana na ziwa, limetumika kuwajumuisha baadhi yao. Mtu aliyeitwa kwa jina moja na mpiga picha huenda alijiita kwa jingine nyumbani kwake. Maelezo ya kadi yanathibitisha kwamba jina fulani lilikuwa likitumiwa na wageni mwaka fulani, wala hayathibitishi zaidi ya hapo.

6.0 Yasiyochapwa

Hati yoyote hupimwa pia kwa yale inayoyanyamazia. Kadi zilipendelea gati, meli, kanisa, boma, mstari wa michikichi au minazi, na mtumbwi ulio peke yake juu ya maji matulivu. Mtumbwi huo ulikuwa chombo cha kazi ya kutafuta usipa na mbasa, lakini katika kadi umegeuzwa pambo la machweo. Wavu, kichanja cha kuanikia samaki na mabishano ya bei ufukoni havikuwa na mnunuzi Ulaya.

Kimya kikubwa zaidi ni cha miaka ya 1905 hadi 1907. Misheni ya Wabenediktini ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilichomwa katika Vita vya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji walinyongwa Songea, na siku hiyo huadhimishwa hadi leo katika makumbusho ya Majimaji mjini humo. Baada ya vita ikaja njaa iliyosababishwa na kuharibiwa kwa mashamba na vyakula. Huo ndio wakati ambapo biashara ya kadi za picha ilikuwa katika kilele chake duniani. Mtu anayeijua Ruvuma kwa kadi za mandhari peke yake angeweza kuipita miaka hiyo bila kujua kwamba nchi ilikuwa msibani.

Kimya kingine ni cha kijiografia. Kadi zilifuata njia za meli. Zilichukua kile kilichoweza kuonekana kutoka sitahani au kufikiwa kwa mwendo mfupi kutoka gatini. Nchi ya ndani, yenye watu wengi, haikuwa na bahati hiyo. Chukua kata ya Mpepai katika Mbinga, isiyogusa maji ya ziwa. Historia ya Wamatengo imeandikwa ardhini, katika mashamba ya ngoro: nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo hufukuliwa katikati na kufunika nyasi, na mteremko mzima hujaa vishimo vinavyozuia maji ya mvua kuchukua udongo. Ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini haina gati mbele yake wala jina linalomkumbusha mnunuzi Misri au Ujerumani. Mpepai si mahali palipokosa historia. Ni mahali palipokosa meli. Mtafiti anayehesabu umuhimu wa mahali kwa wingi wa kadi zake atakuwa amepima njia za usafiri, akidhani amepima maisha ya watu.

7.0 Namna ya kuzisoma na kuzirudisha

Kutokana na hayo, tunapendekeza kila kadi iandikiwe taarifa zenye vipengele vinavyotengana: kinachoonekana katika picha, kwa maneno ya mtafiti mwenyewe; maelezo yaliyochapwa, kwa tahajia yake na bila kusahihishwa; tafsiri ya Kiswahili; jina la mpiga picha na mchapishaji, kama lipo; umbo la nyuma, stempu na mhuri; ujumbe wa mkono; na mwisho, jina la mahali kama linavyotumiwa na wenyeji. Faida ya kutenganisha ni kuzuia maelezo yasilitawale jicho. Mtu akisoma kwanza neno “Sphinxhafen”, ataona Sfinksi. Akiandika kwanza anachokiona, ataona mwamba, maji, na labda nyumba ambazo maelezo hayakuzitaja.

Ujumbe wa mkono unadai ujuzi wa pekee. Wajerumani wa wakati huo waliandika kwa hati ya zamani inayotofautiana sana na ya leo, na wanafunzi wetu wanaokusudia kufanya kazi hii hawana budi kujifunza kuisoma. Mara nyingi ujumbe hauhusu picha hata kidogo: ni habari za homa, za kuchelewa kwa meli, za jamaa. Lakini habari kama hizo ndizo zinazotupa mwendo wa maisha bandarini, jambo ambalo picha iliyopangwa haiwezi kulionyesha.

Hatua ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Mikusanyo mikubwa iko mbali: picha za chama cha ukoloni cha Ujerumani zimehifadhiwa Frankfurt, na mkusanyo wa Humphrey Winterton wa picha za Afrika Mashariki uko katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Sehemu kubwa ya mikusanyo hiyo sasa inaweza kutazamwa kwa intaneti. Hivyo hakuna tena kisingizio cha kutozirudisha picha mahali zilikopigwa. Nakala zipelekwe Liuli, Manda, Lituhi na Mbamba Bay, wazee waulizwe kwa lugha zao: hapa ni wapi, paliitwaje, mti huu ulikuwapo, nyumba hii ilikuwa ya nani, mtumbwi wa umbo hili uliitwaje. Waulizwe kwanza bila kusomewa maelezo. Kila jibu liandikwe pamoja na jina la aliyelitoa, kwa idhini yake, maana itakuwa ni kinyume cha haki kurudia katika utafiti kosa lile lile la kadi, yaani kumfanya mtu kuwa “mwenyeji” asiye na jina.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kadi ya posta ya zamani ni hati yenye sauti zaidi ya moja. Picha inasema kilichosimama mbele ya kamera, maelezo yanasema mchapishaji alitaka kionekane nini, na maandishi ya mkono yanasema aliyeituma alijali nini. Sauti hizi hazikubaliani daima, na historia huanza pale mtafiti anapoziuliza kwa nini hazikubaliani.

Suala hili lina uzito kwa wakati huu. Barabara ya lami ya kilomita 66 baina ya Mbinga na Mbamba Bay, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, imeufungua mwambao kwa wasafiri wengi zaidi, na picha mpya za fukwe zake zinasambazwa kwa njia ambazo wachapaji wa kadi hawakuziota. Kila picha hiyo inahitaji maneno machache chini yake. Jabali la Liuli linaweza tena kuuzwa kama Sfinksi, au linaweza kuelezwa kama Pomonda, kimbilio la watu wa mwambao. Uamuzi huo wa kutaja ulikuwa mikononi mwa wengine mwaka 1900. Leo uko mikononi mwetu, na wazee wanaokumbuka majina ya miamba, ghuba na vijiji hivyo wanapungua kila mwaka.